Bi Rihani, Dakika ya Thelathini na Nne

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mwalimu Kitavi, wa darasa letu la filamu la jioni, ametupa kazi ya mwisho wa muhula. Chagua dokumentari moja, ichambue: kamera, mwanga, sauti, mkato. Kurasa kumi. Tarehe kumi na nne iwe mezani, na asisikie habari za stima kupotea.

Wenzangu wakataja filamu za simba, za vita, za nje. Mimi mkono ulijinyanyua wenyewe. Nikasema nitachambua ile ya Bi Rihani. Akauliza kama ni yule bibi wa gemu, anayeruka juu ya mapaa. Nikasema ndiye. Hajui kwamba aliyemchora ni mdogo wangu Amin, na sikumwambia. Ningemwambia, angenipa pole, darasa zima lingenigeukia, na mimi sikuwa na uso wa kugeukiwa.

Kwa nini nimejitia hapa? Filamu yenyewe nimeiona mara moja tu, Februari, ilipozinduliwa Westlands. Amin alikuwa na miezi kumi na moja kaburini. Nilitoka kabla taa hazijawashwa.

Nyumbani Mama amekaza nia. Jumapili ya tarehe 17 anapanda treni kwenda Mombasa kwa dada yake, na harudi. Siwezi kumlaumu. Tangu Februari nyumba hii ya Kileleshwa imemkaa vibaya. Hafungi mlango wa chumba chake — usiku, mchana, akivaa, akilala. Ameuwekea kigoda ili upepo usiufunge. Mimi ndiye ninayeona haya wageni wakija.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Kliniki ya meno ninakofanya kazi ilikuwa kimya leo. Watu wa Westlands hawaumwi meno katikati ya wiki. Nikaweka simu chini ya kaunta ya mapokezi, hedifoni sikio moja, nikaanza kutazama.

Niseme ukweli: Oduor, aliyeiongoza, ni fundi. Hakuna msimulizi. Inaanza gizani, unasikia ndara zikipiga bati, pa-pa-pa, halafu Bi Rihani anatokea juu ya paa, leso kiunoni, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi za gorofa ya sita. Kazi yake kwenye gemu ni moja: kuokota nguo zilizopeperushwa kutoka kwenye kamba za watu na kuzirudisha kwa wenyewe. Hakuna bunduki. Amin alipoambiwa vijana hawatacheza gemu isiyo na adui, akaongeza jogoo mkali. Basi.

Mbinu ya kwanza. Oduor anamhoji Bi Rihani kana kwamba ni mtu. Kiti kitupu, kamera usawa wa macho. Anauliza swali. Anakata kwenda kwenye gemu — bibi anageuza shingo. Unaapa amejibu! Hajajibu chochote, amekatwa tu mahali pazuri.

Mbinu ya pili. Amin ameketishwa ubavu kwa dirisha, nusu ya uso kwenye kivuli. Mwanga wa namna hiyo humfanya mtu aonekane ana siri. Amin! Aliyekuwa akifeli hesabu anakuja kutuambia mwenyewe kabla hatujauliza.

Nilipofika dakika ya 34 nikasimamisha. Mgonjwa aliniuliza choo kiko wapi, nikamwonyesha mlango wa kutokea.

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Dakika ya 34. Niandike kama Kitavi anavyotaka, kwa utulivu.

Uso wa Amin, karibu sana, kidevu mpaka paji. Anasema: "Nikaambiwa nisirudi nyumbani mpaka nipate kazi ya watu wazima." Picha inakatwa. Bi Rihani amesimama mbele ya mlango wa mbao, nao unafungwa polepole. Sauti ya Amin inaendelea juu ya picha hiyo: "Mama hakusema neno. Alifunga mlango wa chumba chake." Muziki unaingia. Sekunde kumi na moja.

Mama hajatoka ndani ya sekunde hizo mpaka leo. Siku ya uzinduzi alikaa kiti cha mbele, watu wanampa pole na hongera kwa mkono mmoja. Kufika hapo akaniinamia: "Ni mimi huyo?" Tulipofika nyumbani ndipo akaweka kigoda mlangoni.

Jambo jingine alilisema mara moja tu, akichambua mchele, bila kuinua kichwa. "Hata leso hakuikumbuka."

Maana leso anayovaa Bi Rihani, nyekundu yenye michoro ya korosho, ni ya harusi ya Mama. Alimpa Amin aichore, siku ileile, baada ya kufunga huo mlango. Filamu nzima haisemi. Kwa hiyo Mama anaamini kwamba mwanawe aliubeba mlango moyoni na leso akaisahau.

Jioni darasani Kitavi amefundisha picha ya kuziba. Unamwonyesha anayehojiwa, kisha unaweka picha nyingine juu huku sauti yake ikiendelea. Akasema tukiiona, tuulize imeziba nini. Alikohoa? Alinyamaza? Au ni maneno ya mahali pawili yameungwa yakawa sentensi moja? Tusitazame, akasema, tusikilize kilicho nyuma ya sauti.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Nimesikiliza. Mchana, kwenye ngazi za nyuma za kliniki.

Nyuma ya sauti ya Amin kuna adhana. Mbali, ndogo. Studio yake ilikuwa mjini, gorofa ya tatu, msikiti barabara ya pili. Anaposema "nisirudi nyumbani", muadhini yuko kwenye hayya alal falah. Picha inakatwa, mlango unafungwa, Amin anasema "Mama hakusema neno" — na muadhini amerudi kwenye ash-hadu anna Muhammad.

Nikarudia mara sita. Hakuna muadhini anayerudi nyuma. Mtoto wa chuo cha Kurani wa miaka mitano anajua kipi kinatangulia. Aliyekata hakujua.

Kwa hiyo la mlango lilisemwa kwanza. La "nisirudi" lilikuja baadaye, na kati yao kuna kama dakika nzima imetupwa. Katika hiyo dakika huenda leso imo.

Nilipaswa kufurahi. Nilikaa pale ngazini mpaka daktari akaja kuniuliza kama ninaumwa. Nikasema jino.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Aliyeikata filamu ni Millicent. Nilimwandikia kwamba nataka kumwona, akajibu yuko Kenyatta Market anasukwa, atakuwa huko mpaka jioni, nije tu. Nikaenda. Moshi wa nyama choma unakupokea kabla ya watu. Nikamkuta kwenye kiti cha plastiki, wasusi watatu kichwani, hawezi kugeuka wala kukimbia. Kwangu ilikuwa heri.

Nikamwambia, "Millicent, dakika ya thelathini na nne umeigeuza."

"Nani amekuambia?"

"Muadhini."

Akataka kunitazama, msusi akamrudisha kichwa. Nikamweleza. Akauliza, "Kwani hiyo kitu huwa na order?"

"Kama Baba Yetu yenu. Unaweza kuanza na amina?"

Vidole vya wasusi vinaenda tu. Halafu akasema yeye alisikia mtu anaita watu msikitini, akapunguza sauti kidogo, akaiacha kwa sababu ilikuwa inajaza vizuri pale nyuma. Kwao Siaya jirani yao wa karibu ni kanisa.

"Lakini mimi hukata vile naambiwa," akasema. "Uliza Oduor. Na kama mimi ni wewe, Mahira, ningewacha tu hivyo."

Alilisema kwa huruma. Hapo nikajua ameyasikia yote yaliyotupwa, na anajua ni nani anayetajwa. Niliondoka nikiwa siwezi kumtazama hata msusi.

Jumapili, 10 Agosti 2025

Mama anafungasha. Nguo za kabati zimekwisha. Vilivyo ndani ya sanduku anasema vibaki. Sanduku lile la mbao liko nyuma ya mlango wa chumba chake; mlango ukiwa wazi unaliegemea, kifuniko hakiinuki. Kulifungua, ufunge mlango kwanza. Hataki kufunga. Nikamwambia nitafunga mimi, dakika moja tu, tutoe vitu vyake. Akaniambia, "Wacha, mwanangu. Vimekaa, vikae."

Niandike. Hakuna asomaye humu.

"Kazi ya watu wazima" ni maneno yangu.

Oktoba 2023. Nimetoka kazini, miguu imevimba, namkuta Amin sebuleni. Ameacha kazi ya benki siku hiyo, anamwonyesha Mama jogoo anayeruka kwenye simu, Mama ana leso mkononi, wanacheka. Walikuwa wanacheka! Nikaona hawa wawili wataniua. Alipoondoka nikamfuata kwenye ngazi, nikavuta mlango nyuma yangu ili Mama asisikie. Nikamwambia asirudi nyumbani mpaka apate kazi ya watu wazima. Nilikuwa na mdomo siku hizo. Ninao bado.

Hakurudi. Alimwambia Mama kwamba analala studio kwa sababu kazi ni nyingi. Hakunisemea.

Machi 2024 pumu ilimbana hukohuko. Siku ya Jumapili, jengo tupu. Dawa yake ya kuvuta ilikutwa imeviringika chini ya meza, hatua mbili kutoka alipoangukia. Hapa nyumbani angekuwa nasi wawili tunaojua sauti ya kifua chake hata tukiwa usingizini.

Na Februari, tulipotoka kwenye filamu, Mama aliniuliza kwenye teksi: "Nani alimwambia asirudi?" Nikasema sijui. Nikasema labda ndivyo alivyohisi mwenyewe.

Akageukia dirisha. Kufika Kileleshwa alikuwa ameshajipa kosa lote.

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Ofisi ya Oduor iko Westlands, dakika kumi kwa miguu kutoka kliniki. Miezi sita nimepita upande wa pili wa barabara nisikutane naye. Leo nikaingia. Alikuwa anakula ndizi. Nafikiri Millicent alikuwa ameshampigia.

"Ni wewe nilitoa, Mahira," akasema kabla sijakaa. "Ulituletea picha zake za utoto, ulituletea daftari zake. Mmezika juzi. Ningekuweka aje kwa screen, watu wakuone hivyo?"

"Ukamweka Mama."

"Mathe hakusema kitu mbaya pale. Alifunga mlango tu. Na ile shot ya mlango... watu wengi huniambia ndiyo wanakumbuka."

Nikamwambia kuhusu kigoda. Aliiweka ndizi chini. Akauliza, tangu lini. Nikasema tangu usiku ule. Akasimama akaenda dirishani, akakaa huko sana, mabega yamemshuka. Nilikuja kugombana na nikakosa wa kugombana naye. Alinificha kwa kunihurumia, na mimi nilijificha nyuma ya huruma yake nikijua.

Amenipa flashi. Mahojiano yote, hayajakatwa.

Jumanne, 12 Agosti 2025

Mahojiano ni ya saa moja na dakika nane. Sehemu yenyewe nimeiandika neno kwa neno, mkono ukitaka usitake.

Muadhini anaanza. Oduor anauliza ikiwa wangoje. Amin anasema wacha iende, nitaswali nikimaliza hii. Kisha:

"Mama hakusema neno. Alifunga mlango wa chumba chake." Anacheka. "Mtu angedhani amekasirika. Sanduku lake liko nyuma ya mlango, halifunguki mpaka ufunge. Namsikia anahangaika na kufuli. Akatoka na leso yake ya harusi. Akaniambia, kama bibi yako ni mtu wa heshima, mvishe hii, asitembee uchi mjini. Bi Rihani alizaliwa hapo. Kabla ya hapo alikuwa mchoro."

Anavuta pumzi. Oduor anauliza: na wengine nyumbani?

"Dada yangu alikasirika. Nikaambiwa nisirudi nyumbani mpaka nipate kazi ya watu wazima." Muadhini anamaliza. "Lakini usiweke hiyo kwa ubaya. Dada ndiye alinifundisha kusoma, mimi na yeye chini ya meza ya jikoni. Gemu ikitoka, wa kwanza kuicheza ni yeye. Nangoja anipigie tu. Mimi nikimpigia ataona namwomba."

Siku ya mahojiano ni 20 Januari 2024. Alingoja tena wiki saba.

Sikupiga.

Alhamisi, 14 Agosti 2025

Nimempelekea Kitavi kurasa tisa. Kiti kitupu, mwanga wa dirisha, ndara kwenye bati. Picha za kuziba arobaini na moja, zote nimezihesabu. Dakika ya 34 nimeiruka. Akapekua mbele yangu, akasema nina jicho kali, akauliza wa kumi uko wapi. Nikasema bado naandika. Akaniongezea mpaka Jumatatu. Sikuomba.

Halafu leo mchana nimefanya hili. Nimekata.

Nimechukua kuanzia "Mama hakusema neno" mpaka "alikuwa mchoro". Sekunde hamsini na mbili. Nimemaliza pale anapoanza kuvuta pumzi, kabla ya swali la Oduor. Adhana imekwenda sawa, haikuruka hata herufi. Sina hata picha ya kuziba. Mkato safi kuliko wa Millicent. Mwaka mzima wa kusomea filamu, na kazi yangu nzuri kuliko zote ni hii.

Najiambia: Mama anahitaji leso tu. Hayo mengine yatamfaa nini? Ana miaka sabini na moja. Atapanda treni na leso yake moyoni, afunge mlango alale. Nikimwonyesha yote, atampata mwanawe kwa mkono mmoja na kunipoteza mimi kwa mwingine. Siwezi kubaki bila mtu. Nimeliandika, ndilo hilo. Simfikirii yeye, najifikiria mimi.

Jumamosi, 16 Agosti 2025

Nimemwonyesha. Baada ya chakula cha mchana, meza ya jikoni, yeye na miwani yake.

Mwanzoni aliposikia "alifunga mlango" alitaka kuinuka. Nikamshika mkono. Amin akacheka, akataja sanduku. Mama akaacha mdomo wazi. Ilipofika leso akajipiga paja, akasema, "Nilimwambia hivyo! Asitembee uchi mjini, nilimwambia!" Akacheka na machozi yakimtoka, miwani ikajaa ukungu, nikamvulia nikaifuta. Miezi sita sijaisikia sauti hiyo ya kucheka. Akataka tena. Nikaweka tena. Mara ya tatu hakutazama, alifumba macho akasikiliza tu, kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza kifua cha Amin mlangoni usiku wa baridi.

Akafumbua macho.

"Baada ya hapo alisema nini?"

Nikasema ndio mwisho, Mama.

"Siyo mwisho. Amevuta pumzi. Mtoto yule kifua kilikuwa kizito, hakuvuta pumzi bure. Akivuta hivyo ana neno." Akanisogelea. "Oduor amekupa yote au amekupa hii?"

Ningeweza kusema amenipa hii. Ulimi ulikuwa tayari, umezoea. Lakini alikuwa ananitazama usoni, si kwa ukali, kwa tamaa tu ya kumsikia mwanawe sekunde mbili zaidi. Nikasema yako yote.

"Basi niwekee."

Nikasema laptopu imeisha chaji. Nikainuka nikachomeka waya. Akasema haina haraka, treni ni kesho. Akaenda kuswali alasiri na mlango wake wazi, nami nikaketi hapa kuandika haya, nikidhani nikiandika nitajua la kufanya. Sijui. Faili zote mbili ziko kwenye skrini, moja fupi, moja ndefu. Nimefungua ile ndefu. Nimeifunga. Nimeifungua tena na kuiweka pale anapovuta pumzi.

Amemaliza kuswali. Amekuja na kiti chake, amekiweka karibu na changu mpaka magoti yetu yanagusana. Anaona naandika na haulizi naandika nini. Amenishika bega. Ananiuliza kama chaji imeshajaa.

Imejaa tangu asubuhi.